Wenye nyumba Iowa na majimbo jirani: pimeni radoni kabla watoto hawajahamia besimenti

BabaNeema_DesMoines

Wakuu, habari za jioni.

Watu wetu wengi huku wanatoka kwenye kupanga na kuingia kwenye nyumba zao. Wakongomani, Warundi, Watanzania, Wakenya, tunaalikana kubariki nyumba mpya na tunamshukuru Mungu. Ila nikiteremka kuonyeshwa besimenti, ile orofa iliyo chini ya ardhi, nakuta vitanda vya watoto vimeshapangwa, zulia limetandikwa, televisheni ipo ukutani. Nikiuliza kama wamepima radoni, wengi ndiyo mara ya kwanza wanalisikia jina hilo. Kwa hiyo naweka maelezo yote mahali pamoja. Ni marefu, vumilieni.

Radoni ni gesi inayotoka ardhini. Haina rangi, harufu wala ladha. Haiwashi macho wala haiumizi kichwa. Karibu udongo wote una urani kidogo. Urani inaoza polepole, yaani atomu zake zinavunjika zikitoa mionzi, inakuwa radiamu, radiamu nayo inazaa radoni, na radoni kwa kuwa ni gesi inapenya kwenye udongo na kupanda juu. Ikitokea uwanjani inachanganyika na hewa nyingi na kupungua sana. Ikitokea chini ya nyumba inaingia ndani: kwenye nyufa za jamvi (sakafu ya zege), pale ukuta unapokutana na sakafu, kandokando ya mabomba, kwenye shimo la pampu ya maji.

Kinacholeta madhara hasa ni watoto wake, yaani vitu inavyovizaa ikioza. Kila baada ya siku 3.8 nusu ya radoni iliyopo inakuwa imeoza, na inapooza inageuka chembe ngumu za poloniamu, bismathi na risasi. Hizo zinanata kwenye vumbi, na vumbi tunalivuta. Zikifika kwenye mapafu zinarusha mionzi ya alfa. Mionzi hiyo hata karatasi inaizuia, ngozi ya nje inaizuia, lakini ndani ya pafu inakutana moja kwa moja na seli hai. Ni jambo la miaka mingi, na mwisho wake ni saratani ya mapafu. EPA, shirika la mazingira la Marekani, linakadiria vifo kama 21,000 kwa mwaka nchini humu kutokana na radoni, na karibu 2,900 kati ya hao ni watu ambao hawajawahi kuvuta sigara maishani.

Kwa nini nasema Iowa? Zamani sana mabarafu makubwa yaliteremka kutoka upande wa Kanada yakisaga miamba njiani. Udongo yaliouacha ndio huu unaozaa mahindi, na una radiamu ya kutosha. Kaunti zote 99 za Iowa ziko kwenye kanda ya hatari kubwa kabisa katika ramani ya radoni ya EPA. Wastani wa radoni ndani ya nyumba Marekani nzima ni 1.3. Iowa ni 8.5. Nyumba kama 7 katika 10 ziko juu ya kiwango ambacho EPA inasema rekebisha.

Hizo namba ni pikokyuri kwa lita, ndicho kipimo cha Marekani. Kiwango cha kuchukua hatua ni 4. Kati ya 2 na 4 wanashauri ufikirie kurekebisha, kwa sababu hakuna mahali ambapo hatari inakuwa sifuri. Shirika la Afya Duniani ni kali zaidi: linapendekeza bekereli 100 kwa mita ya ujazo (bekereli moja ni atomu moja inayooza kila sekunde), sawa na 2.7 kwa kipimo cha huku. Walioko Kanada, kwenu kiwango ni bekereli 200. Ukitaka kubadili, zidisha pikokyuri kwa 37. Maana yake, kwenye nyumba yenye 4, katika kila mita moja ya ujazo ya hewa atomu 148 za radoni zinaoza kila sekunde, usiku na mchana, mtoto akiwa amelala.

Hakuna njia ya kujua isipokuwa kupima. Huwezi kukisia kwa macho, kwa umri wa nyumba, wala kwa majibu ya jirani. Kifaa cha kawaida ni kikopo au kifuko chenye mkaa maalumu, bei yake ni ndogo, na ofisi nyingi za afya za kaunti huvitoa kwa bei nafuu au bure, hasa Januari ambao ni mwezi wa kampeni ya radoni. Kinakaa ndani siku 2 mpaka 7 kulingana na maelekezo yake, unakifunga, unakituma maabara. Kiposti siku hiyohiyo. Nimesema nusu inaisha kila siku 3.8, kwa hiyo kikikaa juu ya meza wiki nzima, maabara inapokea mkaa uliokwisha kupoteza kilichotakiwa kuhesabiwa.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

---

MtuWaGoma

Aksanti sana kaka. Mimi ni wa Goma. Kule kwetu tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayokaa kwenye mabonde karibu na ziwa, mbuzi akiingia anakufa palepale, na watoto pia tumewazika. Hii radoni ni ndugu yake? Na ile alamu iliyo kwenye dari ya besimenti, si ingelia?

---

BabaNeema_DesMoines

Kaka, poleni kwa waliotangulia.

Ni gesi mbili tofauti. Mazuku ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, inatuama bondeni, inachukua nafasi ya oksijeni na kuua ndani ya dakika. Radoni haitakuangusha leo wala mwaka huu. Unaishi nayo, unakula, unasali, unalea, na ndani ya miaka 10 au 20 inafanya kazi yake bila dalili yoyote. Lakini zinafanana kwa hili: zote mbili zinatoka chini na hazionekani. Kwa hiyo wewe unaelewa jambo hili upesi kuliko mtu ambaye hajawahi kuiogopa ardhi.

Alamu ya dari ni ya moshi na kaboni monoksaidi, ile gesi ya tanuri au gari lililowashwa gereji. Muhimu sana, msiitoe betri. Ila radoni haiitambui kabisa. Hata kama imenyamaza miaka yote, haijakuambia lolote kuhusu radoni.

---

DadaWaCoralville

Shikamoo kaka. Nimepata kifaa kutoka kaunti. Nimekiweka jikoni juu ya friji ili watoto wasikifikie. Iko sawa? Na mtoto wangu wa shule anafungua mlango kila mara.

---

BabaNeema_DesMoines

Marahaba dada. Kihamishe kabla hujakiacha kikae. Jikoni, bafuni, chumba cha kufulia na kabatini hapafai, kwa sababu ya mvuke, joto na feni za kunyonya hewa. Kiweke kwenye orofa ya chini kabisa ambayo familia inaitumia. Kama watoto wanalala au kucheza besimenti, kiweke besimenti. Kama besimenti ni ya masanduku tu na hakuna anayekaa huko, kiweke juu yake.

Chumbani kiwe kwenye meza au rafu, angalau inchi 20 kutoka sakafuni, futi 3 kutoka mlango au dirisha la nje, futi 1 kutoka ukuta wa nje. Kisipigwe na jua, kisiwe karibu na hita wala tundu la hewa ya joto. Ukishakifungua usikiguse tena. Andika tarehe na saa ulipokifungua na ulipokifunga, maabara wanahesabu kwa saa hizo.

Halafu kuna sharti la nyumba kufungwa, na hapa ndipo watu wengi wanapopata majibu ya uongo. Kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza, na muda wote wa kupima, madirisha na milango ya nje ifungwe. Kuingia na kutoka kwa kawaida ruksa. Mtoto apite, afunge nyuma yake. Hita iendelee. Kinachokatazwa ni kuacha dirisha wazi au kuwasha feni kubwa inayovuta hewa ya nje. Ukifungua dirisha namba inashuka, unafurahi, halafu Januari unafunga nyumba yote na namba halisi inarudi bila wewe kuiona. Vilevile usipime siku 2 au 3 zenye dhoruba au upepo mkali uliotabiriwa, subiri utulie.

Baridi ndiyo msimu mzuri wa kupima. Ndani hewa ya joto inapanda na kutokea juu, chini kunabaki na mvuto mdogo, na nyumba inanyonya hewa kutoka kwenye udongo.

---

Njugush_wa_Pampu

Sasa wadau. Mimi ni Mkenya, niko Minneapolis, kazi yangu ni kufunga mifumo ya radoni. Wacha niongeze upande wa fundi, kwa sababu watu wakipata 9 wanashtuka wakidhani nyumba imeharibika. Nyumba haijaharibika. Hii ni moja ya shida rahisi sana kutengeneza kwenye nyumba.

Tunatoboa jamvi shimo moja, tunachota udongo na kokoto kiasi chini yake tupate nafasi, tunaingiza bomba la plastiki la inchi 3 au 4. Bomba linapanda mpaka juu ya paa, na njiani kuna feni inayofanya kazi saa zote. Feni inanyonya hewa ya chini ya jamvi kabla haijaingia ndani na kuitupa juu ya nyumba. Basi. Shimo la pampu tunalifunika kwa mfuniko usiopitisha hewa, nyufa kubwa tunaziba. Kwa nyumba nyingi kazi inaisha siku moja, na gharama huwa kati ya dola 1,000 na 2,500 hivi, kutegemea nyumba. Umeme wa feni ni mdogo.

Mambo ya kumwangalia fundi. Feni isikae ndani ya sehemu mnayoishi wala ndani ya besimenti: ikae darini, gereji isiyo na chumba juu yake, au nje ya ukuta. Sababu ni kwamba bomba likivuja baada ya feni, linamwaga radoni iliyokolea ndani ya nyumba. Mdomo wa bomba uwe juu ya paa, usiwe karibu na dirisha. Na kwenye bomba lazima kuwe na kijibomba cha umbo la U chenye maji ya rangi. Pande mbili zikiwa sawa, feni imekufa. Kiangalie kila ukishuka chini, ni kutupa jicho tu.

Mtu akikuambia atakupaka rangi ya sakafu na silikoni kwenye nyufa kisha imekwisha, mkatalie. Kuziba peke yake hakutoshi. Jamvi linaendelea kupasuka, na radoni inapita mahali ambapo jicho halioni.

---

MzeeKijana

Naheshimu maelezo yenu ila mimi naona Wamarekani wanapenda kututisha ili watuuzie vitu. Nyumba yangu imejengwa 2018, safi kabisa. Jirani wa mkono wa kulia alipima akapata 2. Na bibi yangu Kasulu aliishi hadi uzee mkubwa bila kupima chochote.

---

BabaNeema_DesMoines

Mzee wangu, nakujibu kwa heshima kwa sababu swali lako ndilo wengi wanalo moyoni.

Nyumba mpya: mara nyingi zimezibwa vizuri kuokoa joto, hewa haitoki haraka, kwa hiyo upya wake hauihakikishii lolote. Jirani: udongo chini ya nyumba mbili zilizopakana unaweza kutofautiana, na hata jamvi na mifereji yake. 2 yake ni ya kwake.

Bibi yako Kasulu alilala kwenye nyumba yenye madirisha yaliyofunguka, hewa ikipita kuanzia asubuhi, bila orofa chini ya ardhi na bila miezi mitano ya kufungia hita ndani. Hatukuhama na hewa ile. Tumehamia kwenye nyumba iliyochimbiwa ndani ya udongo wa Iowa.

Na hadithi ya kututisha haikuanzia kwa wauzaji. Mwaka 1984 huko Pennsylvania, mhandisi Stanley Watras alikuwa anafanya kazi kwenye mtambo wa nyuklia wa Limerick, ambao ulikuwa bado haujaanza kuuza umeme. Alamu za mionzi zikawa zinalia akipita. Walimkagua kila sehemu, mwishowe ikaonekana mionzi anatoka nayo nyumbani. Nyumba yake ilikutwa na pikokyuri kama 2,700 kwa lita. Nyumba ya kawaida ya familia, mke na watoto ndani. Nchi ilianza kupima majumba kwa uzito baada ya hapo, na mwaka 1988 Bunge lao likapitisha sheria ya kupunguza radoni majumbani.

Kifaa cha mkaa ni bei ya chakula cha mchana. Pima, mzee wangu. Ukipata chini ya 2 nitafurahi pamoja nawe.

---

NesiWaUsiku

Mimi ni muuguzi, nahudumia wagonjwa wa saratani. Naomba niongeze kuhusu sigara, kwa sababu kwenye jamii yetu wapo wanaovuta na hawasemi.

Radoni na sigara vikikutana havijumlishwi tu, vinazidishana. Kwa makadirio ya EPA, watu 1,000 wasiowahi kuvuta wakiishi maisha yao yote kwenye 4, kama 7 wanaweza kupata saratani ya mapafu. Watu 1,000 wanaovuta kwenye 4 hiyohiyo, ni kama 62. Baba anayevuta nje uwanjani kwa heshima ya watoto, kisha anashuka kulala besimenti isiyopimwa, yuko kwenye kundi la pili.

Ushahidi haujatoka kwa wachimba migodi, wanaovuta radoni huko chini, peke yao. Hapahapa Iowa, Chuo Kikuu cha Iowa kilifuatilia wanawake waliokaa kwenye nyumba ileile angalau miaka 20, wagonjwa 413 na wasio wagonjwa 614, wakapima nyumba zao. Matokeo yalitoka mwaka 2000, na yalionyesha hatari inapanda kadiri mtu alivyoishi na radoni nyingi zaidi. Mwaka 2005 tafiti za Ulaya zilizokusanywa pamoja zilionyesha hatari inaongezeka kama asilimia 16 kwa kila bekereli 100.

Watu wananiuliza waende hospitali wakapimwe damu. Hapana, hakuna kipimo cha kawaida cha damu kitakachokuambia umevuta radoni kiasi gani. Kinachopimwa ni nyumba. Na kama umeishi muda kwenye nyumba yenye namba kubwa, mwambie daktari wako ukweli wa radoni na wa sigara ili aviweke kwenye faili lako. Ukirekebisha leo, hatari inaanza kupungua leo. Msikate tamaa.

---

Kijana_Mnunuzi

Habari wakubwa. Ofa yangu imekubaliwa, tunasaini mwezi ujao. Dalali ananiambia radoni nitapima nikishahamia. Nifanyeje?

---

BabaNeema_DesMoines

Mdogo wangu, pima kabla ya kusaini. Sheria ya Iowa haimlazimishi muuzaji kupima, ila wewe una haki ya kuomba kipimo kama sehemu ya ukaguzi wa nyumba, mradi muda wa ukaguzi uliomo kwenye mkataba wako haujapita. Soma tarehe hiyo leo. Usimtume muuzaji apime mwenyewe. Ajiriwe mpimaji mwenye leseni ya jimbo. Ataweka mashine inayorekodi kila saa, angalau saa 48, na mashine hizo nyingi zinatambua kama imesogezwa au dirisha limefunguliwa. Kwenye mauziano kipimo kinawekwa orofa ya chini kabisa inayoweza kukaliwa, hata kama muuzaji hakuitumia.

Ikizidi 4, mwombe muuzaji afunge mfumo au apunguze bei kwa kiasi hicho. Mimi ningependelea apunguze bei ili fundi uchague wewe. Muuzaji anayehama hana sababu ya kujali bomba limetokea wapi.

Walioko Minnesota, tangu 2014 muuzaji analazimika kukuambia kama nyumba imewahi kupimwa na majibu yalikuwa nini. Mwulizeni.

---

Njugush_wa_Pampu

Na nyumba za Minnesota zilizojengwa kuanzia katikati ya 2009 zina bomba tayari limepita ndani ya ukuta mpaka paani. Watu wanaliona wanasema "tuko salama." Nyingi hazina feni, bomba linategemea hewa ijipandie yenyewe. Lipimwe. Likishindwa, kuongeza feni ni kazi ndogo.

---

MamaPendo_Mpangaji

Mimi napanga, gorofa ya chini kabisa, nusu iko ndani ya ardhi. Naruhusiwa kupima? Naogopa mwenye nyumba atakasirika.

---

BabaNeema_DesMoines

Mama Pendo, kuweka kikopo juu ya meza yako hakuhitaji ruhusa ya mtu. Chumba cha nusu ardhini kinastahili kupimwa kama besimenti. Majibu yakiwa juu, mpelekee mwenye nyumba kwa barua na nakala ya maabara, ubaki na yako. Kutoboa jamvi na kuweka bomba ni kazi yake, wewe usiguse jengo. Hewa ya dirisha inasaidia kwa muda, lakini kwa baridi ya huku si dawa. Walio ghorofa ya tatu na kuendelea kwa kawaida wako chini sana.

---

Mdigo_Halisi

Niko Kwale, nawasoma tu. Huku Mrima tunasikia mlima una mionzi. Je, nasi tupime?

---

BabaNeema_DesMoines

Ndugu yangu, Mrima una thoriamu nyingi kwenye miamba yake, na thoriamu inazaa gesi ya ukoo wa radoni iitwayo thoroni. Hiyo nusu yake inaisha kwa sekunde kama 56, kwa hiyo haisafiri mbali kutoka ilipotoka. Jambo la kuangalia ni udongo wa mlima wenyewe kutumika kwenye kuta na sakafu, kwa sababu hapo chanzo kinakuwa ndani ya chumba. Madirisha yenu yaendelee kuwa wazi. Kifaa cha mkaa cha huku hakitakusaidia, kimetengenezwa kwa radoni. Thoroni ina vifaa vyake.

---

DadaWaCoralville

Kaka, majibu yamekuja. Chumba cha watoto besimenti ni 11.2. Nimekaa nayo asubuhi nzima. Niwahamishe leo? Nimwite fundi leo?

---

BabaNeema_DesMoines

Pole dada, na hongera kwa kupima, sasa unajua.

Watoto walale juu kuanzia leo. Si kwamba usiku mmoja utawadhuru. Ni kwamba hakuna sababu ya kuongeza mwingine.

Kipimo cha kwanza kikiwa kati ya 4 na 8 unaweza kurudia kwa kifaa kilekile, au kutumia kile cha muda mrefu cha siku 90 na zaidi, chenye kipande cha plastiki ambacho mionzi inakichora alama. Chako kimezidi 8, kwa hiyo usisubiri miezi mitatu. Weka cha pili cha siku chache mara moja, mahali palepale, nyumba ikiwa imefungwa, kisha chukua wastani wa namba mbili. Wastani ukiwa 4 au zaidi, itisha bei kwa mafundi wawili au watatu wenye leseni ya Iowa. Orodha yao iko kwenye idara ya afya ya jimbo. Kila mmoja aje aone nyumba, asikupe bei kwa simu. Kama mnatumia maji ya kisima, mwambie fundi. Maji yenye pikokyuri 10,000 kwa lita huongeza kama 1 hivi kwenye hewa ya nyumba, mkioga na kufua.

Mfumo ukishafungwa, subiri angalau saa 24 feni ikifanya kazi, kisha pima ndani ya siku 30. Kipimo hicho nunua mwenyewe, usitegemee cha fundi peke yake. Mifumo mingi inashusha mpaka chini ya 2. Ikibaki juu ya 4 mrudishe fundi, na hakikisha mkataba unasema hivyo kabla hujalipa. Baada ya hapo pima kila baada ya miaka 2, na pia mkichimba au kukarabati chochote huko chini.

---

DadaWaCoralville

Nimeshusha kifaa cha pili sasa hivi, madirisha yalifungwa tangu jana usiku. Magodoro yako juu sebuleni. Nitaleta namba ikitoka.

---

Njugush_wa_Pampu

Dada, ukipata bei za mafundi ziweke hapa ukifuta majina yao. Nitakuambia kama wameacha kitu.